Asante mama ulienisaidia na ile fomu ya ridhaa

Jina lako sikuuliza mama yangu, ila popote ulipo asante sana. Nilikuwa na utafiti wa elimu maalumu huku Marekani, chuo kishanipa kibali nikadhani nimemaliza, kumbe wilaya ya shule nayo ina kibali chake, na rekodi za mtoto kwa kawaida hupewi mpaka mzazi asaini, sheria ya FERPA ya 1974 hiyo, ile inayolinda siri za rekodi za wanafunzi. Na wazazi fomu hawarudishi kabisa! Ukakaa na mimi saa nzima ukanionyesha maneno yanayowatisha, ukasema mzazi aliechoka na vikao vya IEP, yaani ule mpango wa masomo wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, anataka kwanza ajue mwanae atafanywa nini na kama anaruhusiwa kujitoa. Nikaandika upya yote, watoto nao nikawauliza kama wanataka. Fomu zikaanza kurudi. Mungu akubariki mno.