Nilimletea tembe za manjano kwa mkono wangu, sasa dada amenifunga mdomo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kisumu, usiku, dada yangu akiwa amelala chumba cha pili. Jumanne tunarudi hospitali kupimwa damu, na kabla ya siku hiyo lazima niwe nimeamua jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Yeye akaacha shule, akaanza kuuza omena katika soko la Kibuye, na kwa omena hiyo nikasoma hadi nikawa mwalimu. Sijawahi kumpinga. Hata sasa, nikiwa na miaka 34, akiniita "nyamera", yaani dada yangu kwa Kijaluo, kwa ile sauti yake ya chini naitika kama mtoto.

Mwanzoni mwa mwaka alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Ilikuwa saratani. Akapasuliwa, kisha daktari akatupangia kemo, yaani dawa kali za kuua saratani: mara nne za doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, kila baada ya siku 21, halafu paklitakseli. Hiyo doksorubisini wagonjwa huiita dawa nyekundu. Inaingia mshipani kama sharubati, na akienda haja ndogo mkojo nao unatoka mwekundu. Tuliambiwa mapema kuwa hilo ni kawaida, lakini siku ya kwanza dada alinishika mkono akidhani ni damu. Alitapika siku nne. Kabla ya dozi ya pili nywele zote zilikuwa zimeng'oka, na mdomo umechubuka ndani hivi kwamba hata uji wa wimbi ulimchoma.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Katika kundi la WhatsApp la walimu wenzangu uliletwa ujumbe kwamba manjano huua saratani na humkinga mgonjwa na sumu ya kemo. Nikanunua. Si manjano ya kutia kwenye mchuzi, Shangazi. Ni tembe za kurkumini, ile dawa iliyomo ndani ya manjano, ikiwa imekamuliwa na kukolezwa, na kopo limeandikwa kwamba imeongezwa pilipili manga ili iingie mwilini vizuri. Mwenzangu mwingine akaniletea majani makavu ya mstafeli, nikawa nayachemsha asubuhi na jioni.

Dada akapata nguvu. Akala managu na ugali, akaenda kanisani kwa miguu yake. Leo nikihesabu siku naona kwamba nilimwanzishia tembe wiki ya tatu baada ya dozi, na wiki ya tatu ndipo mwili huinuka wenyewe. Wakati huo sikuhesabu, naye hakuhesabu. Aliniambia, "Nyamera, hii yako ndiyo dawa. Ile yao inaniua." Wanajumuiya walipokuja kumtazama akawaonyesha kopo.

Dozi ya pili ikapita. Wiki iliyopita tulikwenda kwa ya tatu, vipimo vya ini vikaonyesha limepanda, yaani lina dalili za kuumia. Daktari akaahirisha. Akauliza kwa upole kabisa, "Kuna kitu kingine anachotumia? Miti shamba, tembe za dukani, chai yoyote?" Dada akajibu, "Hapana daktari, chakula tu." Kisha akanitazama. Nami nikanyamaza.

Tukiwa kwenye matatu akaniambia nisije nikathubutu kumwambia mtu, kwa sababu watamzuia, na wakimzuia atakufa. Nikamwitikia.

Usiku huo nikaanza kusoma, na hili ndilo lililonipa hofu. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba kiini cha pilipili manga, piperini, kilipandisha kiasi cha kurkumini kinachoingia mwilini kwa asilimia 2,000. Mimi nilipoona "inaingia vizuri" kwenye kopo nilifurahi. Sikujua kwamba piperini huyazuia yale mashine ya ini yanayovunja dawa na kuzitoa mwilini. Paklitakseli inayomsubiri dada huvunjwa na ini hilohilo. Ikikawia kutoka, dozi aliyopimiwa kwa uangalifu itakuwa nyingine mwilini mwake. Na ya kwamba tembe za manjano zenyewe zinaweza kuumiza ini nalo si uvumi: Italia walitoa tahadhari mwaka 2019 baada ya kupata visa vya watu walioumwa ini wakiwa wanazimeza.

Nikakuta pia kwamba mwaka 2002, huko Marekani, walijaribu kurkumini kwenye seli za saratani ya matiti ndani ya maabara, na dawa nyekundu ikashindwa kuziua kama kawaida. Kwa panya waliopewa saiklofosfamaidi ikawa vivyo hivyo, uvimbe haukupungua inavyotakiwa. Dawa hizo mbili ndizo anazowekewa dada yangu. Halafu mwaka 2020 ukatoka utafiti wa wanawake zaidi ya 1,100 waliotibiwa kwa dawa hizo mbili na paklitakseli. Waliokuwa wakimeza tembe za vitamini A, C, E na jamii yake kabla ya kemo na wakati wa kemo walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wenzao. Hazikuwa tembe za manjano, na mwelekeo si hukumu. Lakini zilinunuliwa kwa tumaini lilelile: kuukinga mwili na ukali wa kemo. Na nikijiuliza, kinachomkinga dada kitaujuaje uvimbe kiuache bila kinga?

Sitaki kusema uongo kwa kuegemea upande mmoja. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Armenia waliwapa wagonjwa paklitakseli pamoja na kurkumini, na walioongezewa kurkumini waliitikia matibabu vizuri zaidi. Lakini ilitiwa kwa dripu, kwa kipimo, na wagonjwa 150 wakifuatiliwa na watu waliojua kila kilichoingia mwilini mwao. Sisi tulichonacho ni kopo nililolinunua mimi na daktari ambaye tumemficha.

Nilijaribu kumweleza dada juzi, nikachagua maneno vibaya. Nilimwambia hata paklitakseli asili yake ni gome la mti unaoota magharibi mwa Marekani, nikitaka aelewe kwamba mimea ina nguvu ya kweli na haichezewi. Akacheka, akasema, "Basi umeona? Na dawa yao ni miti shamba." Sikuwa na la kumjibu pale pale.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Huenda ini limepandishwa na kemo yenyewe, maana dawa hizo nazo hulichosha. Huenda ni tembe, huenda ni majani ya mstafeli. Mimi sijui, na daktari hawezi kujua kwa sababu hajui kuna tembe. Jumanne vipimo vikiwa vibaya tena atapunguza dawa inayomtibu dada, au aiahirishe tena, kwa kosa la kopo langu. Kila nikimtazama amelala nawaza hilo.

Majani ya mstafeli nimeshaacha kuyachemsha, nikamwambia yamekwisha. Huo ni uongo wa kwanza niliowahi kumwambia dada yangu. Tembe anaziweka mwenyewe chini ya mto. Chakula sigombani nacho: managu, mrenda, omena na kijiko kidogo cha manjano kwenye mchuzi naendelea kumpikia, kwa kuwa sijaona popote panaposema mchuzi wa nyumbani umeharibu kemo ya mtu. Laiti ningeanzia na kuishia hapo.

Shangazi, nishauri. Nina namba ya sista wa kliniki. Naweza kumpigia Jumatatu nikamwambia kila kitu, naye daktari akalijua kabla hatujaingia. Lakini dada atajua imetoka kwangu, hakuna mwingine anayejua. Aliniaminia mwili wake wakati hamwamini mtu mwingine, na naogopa kwamba nikimvunjia neno ataacha kemo kabisa abaki na kopo. Mume wangu anasema nipige simu bila kusita. Yeye hakulelewa na dada yangu.

Au nimweleze tena mwenyewe Jumapili, akitoka kanisani, nimwambie wazi kwamba nilikosea mimi, tembe ni zangu na si kosa lake, nimwombe aende nazo Jumanne mkobani, daktari aone kopo na aamue? Nikifanya hivyo akakataa, bado nina Jumatatu ya kupiga simu? Ama kumwomba ruhusa kisha kwenda kinyume ni kumsaliti mara mbili?

Kama kuna msomaji aliyewahi kumuuguza mtu wake akapita hapa, naomba aniambie ni maneno gani alitumia. Si hoja, hizo ninazo. Maneno.

Mdogo mtu,
Kisumu