Shukrani kwa kaka wa Mgandini, Tanga

Jamani naomba nimshukuru kaka mmoja hata jina sikuuliza. Jana nilikuwa na mizunguko ya baiskeli mjini, mahindi mashineni, dawa za bibi kupeleka Makorora, nguo kwa fundi cherehani huku Ngamiani, na Tanga ilivyo tambarare baiskeli ndo usafiri wenyewe, sasa kufika karibu na soko la Mgandini cheni ikakatika na unga wote uko kwenye keria. Watu wanapita tu wanasema pole. Huyu kaka, anauza madafu nadhani, akaacha mkokoteni wake akaja na msumari na jiwe, akagonga pini ikatoka, akapunguza kipande kilichovunjika akaunga, cheni ikawa fupi kidogo akasogeza tairi la nyuma mbele akakaza nati. Mikono imejaa grisi mpaka kwenye kiwiko! Nampa hela ya soda anakataa, ati wahi dawa za bibi. Bibi alimeza dawa kwa wakati na amekuombea dua ndefu sana wewe acha tu. Kaka asante sana, wiki hii nakuja kuchukua madafu hapo na safari hii hela utapokea.