Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, mashangazi na wajomba zetu, asalaam alaykum.

Mwaka umepita salama. Futari ya pamoja tulikula, makaburi yalifyekwa mara mbili, na darasa la Kichina la watoto lilianza Machi likafa Mei. Hayo mnayajua.

Nije kwenye safari ya China, ya kutafuta kijiji alikotoka Babu yetu, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Imesemwa barazani kwamba Mwenyekiti kachukua fedha za chama kaenda kutembea China. Kijitabu cha nasaba alichokuja nacho Babu alipofika Unguja kutafuta majongoo bahari kinasema kwao ni Xinning. Baadhi yenu mlifungua ramani kwenye simu, mkaiona Xinning iko jimbo la Hunan, mkataka twende huko. Nilikataa. Ilikuwapo Xinning nyingine, ya Guangdong, na mwaka 1914 ilibadilishwa jina ikaitwa Taishan ili majina yasigongane. Kijitabu ni cha kabla ya hapo. Jambo hili nililigundua mimi, usiku, kwa macho haya mabovu. Kamati ina watu 7; vikaoni walikuja 2, na mmoja ni mimi.

Mkalimani tuliyemkodi Guangzhou anajua Kimandarini na Kikantoni, lakini wazee wa Taishan wana lahaja yao, ikabidi tumkodie mkalimani naye mkalimani wake. Ndiyo ile 600,000 iliyoandikwa "mengineyo", inayozungumzwa kana kwamba nilinunua saa. Kijiji cha kwanza hakikuwa chetu: jina ni hilo hilo, ukoo mwingine. Cha pili kina bwawa mbele na mianzi nyuma, nyumba zimepangwa safu kama zilizopimwa kwa kamba. Kitabu chao cha ukoo kilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ila mzee mmoja anayo nakala ya mkono. Kule ndugu wa kizazi kimoja hupewa herufi moja ya pamoja katika majina yao. Herufi za vizazi 3 zimelingana na za kijitabu chetu.

Jina la Babu halimo, na hapo ndipo mmepashikilia. Lakini mwanamume wa zamani wa kule alikuwa na jina la utotoni, jingine la shule, na akioa hupewa jingine tena. Sisi tunalijua lile alilomtajia karani, na karani aliandika alivyosikia. Hata hiyo "Ah" tunayoitanguliza kwenye jina lake si jina, ni namna ya kumwita mtu kwa mazoea. Kwangu mimi kijiji kimepatikana. Asiyeridhika alete ushahidi.

Shangazi mmoja kauliza mbona mabinti hawamo. Vitabu hivyo kwa desturi haviandiki mabinti. Sikuvitunga mimi.

Safari iligharimu shilingi 9,200,000: chama 5,000,000, zilizobaki mfukoni mwangu, na hakuna aliyesema ahsante. Risiti anazo Mweka Hazina, za Kichina pia. Wanachama ni 58, waliolipa ada 19. Mkutano mkuu uliahirishwa mara 2 kwa kukosa akidi. Wa tatu ulijaa kwa sababu palitangazwa biriani. Wenye sauti kubwa kuhusu hesabu wanadaiwa tangu 2021, na majina yao ninayo.

Iko nyumba moja, siitaji, yenye barua za kwao Babu kabatini. Bahasha zina anwani ya kijiji. Nimeziomba tangu mwaka juzi naambiwa ufunguo umepotea. Zingetolewa, kile kijiji cha kwanza tusingekigharamia, na ubishi huu usingekuwapo.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunatarajia kurudi mwanzoni mwa Aprili, wakati wa Qingming, wenyewe wanaposafisha makaburi. Idadi ya wasafiri itategemea ada.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Sigombei tena, labda wanachama waniombe.

Wenu,
Mwenyekiti