Anayetafuta jibu asisome kama msoma hadithi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe walimu wenzangu wa ufahamu jambo moja. Agizo la "soma kifungu chote kisha ujibu maswali" linafaa hadithi. Kwa mkataba, ripoti au kanuni ndefu, linapoteza muda bure.

Swali litangulie. Kabla ya kugusa maandishi, msomaji aamue jibu litakuwa na sura gani. Kiasi na tarehe hujitokeza kwa tarakimu, majina kwa herufi kubwa, na jicho laweza kuteremka ukurasani likisaka alama hizo bila kusoma sentensi hata moja. (Lakini mikataba mingi huandika "siku saba" kwa maneno, kwa hiyo tarakimu zisipoonekana, usikate tamaa.) Sababu haina alama ya namna hiyo. Itafute kwa viunganishi: kwa kuwa, kutokana na, kwa ajili hiyo. Kitabu chenye faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa zake iliyo mwishoni, kianziwe nyuma, maana yaliyomo hukufikisha kwenye sura tu, ilhali faharasa hukupa ukurasa wenyewe. Kwenye jedwali, kichwa na kipimo visomwe kabla ya namba. Aliyeruka maneno "kwa maelfu" amekosea mara elfu moja.

Kwenye simu na kompyuta kosa ni jingine. Mtu huandika neno zima katika kisanduku cha kutafutia, asipoliona husema halimo. Kiswahili hubadilisha neno mbele na nyuma. Ukiandika "kitabu" hutapata "vitabu". Andika "tabu" uvipate vyote. Hata hivyo mzizi mfupi mno nao ni balaa: "lip" italeta malipo na hulipwa, lakini pia alipofika na alipata. Afadhali kutafuta "malip", kisha "lipw", kisha "kulipa", kwa zamu. Baada ya hapo jaribu visawe, kwa sababu huenda mwandishi ameandika ada au karo. Na kama hakuna kinachopatikana kabisa, tafuta neno unaloliona kwa macho yako kwenye skrini. Hilo nalo likikosekana, basi faili ni picha ya karatasi na programu haisomi chochote ndani yake. Itabidi utumie macho.

Hatari kubwa huja baada ya kulipata neno. Katika lugha yetu ukanushi hujificha ndani ya kitenzi. "Waliosajiliwa" na "wasiosajiliwa" hufanana sana kwa jicho lenye haraka, na kati ya "atarejeshewa" na "hatarejeshewa" pana herufi moja tu, nayo ndiyo inayobeba fedha za mtu. Kwa hiyo, jicho likishatua, mbio ziishe. Sentensi yenye neno hilo isomwe polepole, silabi kwa silabi ikibidi. Isomwe pia iliyotangulia, ili ijulikane "huyo" ni nani, na inayofuata, kwa kuwa huko ndiko hukaa maneno ya masharti: "isipokuwa", "ila", "endapo" na "mradi". Wanafunzi wengi wanaokosa maswali ya aina hii walikuwa wameufikia mstari sahihi kabisa, wakauacha mapema.

Zoezi lake halihitaji vifaa. Chukua maandishi ya maneno kama 1,500 yenye vichwa vidogo, utunge maswali matano, utoe dakika tano. Maswali yasomwe kwanza, maandishi yakiwa yamefunikwa, na kila mwanafunzi aandike kando ya swali sura ya jibu analotarajia: namba, jina, sababu. Jibu liambatane na namba ya aya, la sivyo anayebahatisha atapata alama sawa na aliyetafuta. Maswali mawili kati ya hayo matano yasiwe na jibu ndani ya maandishi. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kila swali lina jibu hulazimisha lolote linalokaribia, na kuandika "halimo" kwa uhakika kunahitaji awe amepekua kila kichwa kidogo na kila kisawe alichoweza kukifikiria.

Mwalimu wa Kiswahili