Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Ufugaji wa Rwanda: samli yetu imo katika maziwa ya jioni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima zote zikufikie. Sisi wasindikaji wadogo wa siagi na samli tumeandika kwa utaratibu na tumesubiri kwa utaratibu. Wiki hii madebe yamerudishwa tena. Kituo kimoja cha kukusanyia maziwa upande wa Umutara, kaskazini mashariki mwa nchi, kimekataa maziwa ya jioni yaliyoletwa asubuhi, kwa kuwa yaliganda yalipopimwa kwa alkoholi, dalili kwamba yameanza kuchachuka. Yalimwagwa mtaroni, mafuta yake yakaelea juu ya tope. Ndiyo maana safari hii tunakuandikia mbele ya watu wote.

Mpango wa serikali wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, ahadi ilikuwa ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, na ng'ombe huyo alete maziwa, mbolea na kipato. Maziwa yamekuja. Nchi iliyokuwa ikikamua chini ya tani 200,000 kwa mwaka sasa inapita tani milioni 1. Siagi na samli hatuzioni zikiongezeka kwa kiasi hicho. Samli halisi ya ng'ombe imekuwa kitu cha kuagiza kwa mtu unayemfahamu, na madukani majarini ya mafuta ya mimea ndiyo inayoitwa siagi.

Sababu moja tunaishika mikononi kila siku: maziwa yananunuliwa kwa lita, hayanunuliwi kwa mafuta. Ng'ombe wa Ankole hutoa maziwa machache lakini mazito, mara nyingi yenye mafuta asilimia 5 au zaidi. Friesian, ng'ombe wa kigeni, hutoa mengi, yenye asilimia 3.5 hivi. Kilo 1 ya siagi hula lita 17 hivi za yule wa kwanza na lita 24 za yule wa pili. Vituoni lita zote hulipwa sawa, basi mfugaji ana haki kabisa kuchagua wingi. Tunashuku pia kwamba maziwa mengi mazito hupelekwa kwenye pakiti na unga mazima mazima, bila kutolewa krimu, lakini hilo wizara yako inaweza kulichunguza kuliko sisi.

Kupima mafuta hakuhitaji maabara ya chuo kikuu. Katika chupa ya Gerber, chupa maalumu ya kupimia mafuta ya maziwa, hutangulia mililita 10 za asidi ya salfuriki, kisha mililita 11 za maziwa zikiteremshwa taratibu ubavuni mwa chupa, kisha mililita 1 ya alkoholi ya amili. Chupa hufungwa, hutikiswa, huzungushwa kwa mashine dakika 5, huwekwa katika maji ya nyuzi 65, na asilimia husomwa shingoni. Asidi ikiwa kali mno, mafuta huungua na kuonyesha vidoa vyeusi. Ikiwa dhaifu, utando mweupe huziba mstari wa kusomea. Kijana makini huijua kazi hii kwa siku chache.

Sababu ya pili, nayo ndiyo iliyotufikisha hapa, ni jioni. Agizo la waziri la mwaka 2016 kuhusu ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa liliyaelekeza kwenye vituo, na usafi ukapata nafuu. Hatuombi lifutwe. Lakini vituo vingi hupokea asubuhi tu, na maziwa ya jioni hulala nyumbani bila ubaridi. Zamani hayo ndiyo yaliyoingia katika igisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia, yakawa samli. Leo husubiri asubuhi, huchachuka, hukataliwa.

Mheshimiwa, maziwa yaliyokwisha kuchachuka hayapiti kwenye mashine ya krimu, ile inayotenganisha krimu na maziwa kwa kuzunguka. Huganda kati ya sahani na kuziba. Yanaweza kusukwa mazima, na tunayasuka: chombo kisizidi nusu, maziwa yawe nyuzi 18 hadi 20. Yakiwa na joto zaidi ya hapo, chembe za siagi huwa laini na mafuta mengi hutoka na tindi, yaani maji ya maziwa yanayobaki baada ya kusuka. Hata tukiwa waangalifu, mafuta mengine tunayapoteza.

Maziwa mabichi ya jioni ni jambo jingine. Hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 37 au 38, na mashine ya krimu hutaka 35 hadi 40. Yakifika kituoni mapema hayahitaji hata ukuni mmoja. Mashine ya mkono huzungushwa mpaka kengele ya mpini inyamaze, ndipo bomba hufunguliwa. Ukifungua mapema, mafuta hubaki katika maziwa yaliyochujwa. Lita 100 zenye asilimia 4 huweza kutoa kilo 3.5 au zaidi za samli, na maziwa yaliyochujwa hurudi kwa mfugaji kwa ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, au kwa ndama. Umeme ukikatika, mashine hii haijali.

Krimu hiyo hupozwa usiku kucha hadi nyuzi 10 au 12 na kusukwa asubuhi. Chembe zikifikia ukubwa wa punje za mtama, tindi humwagwa, siagi huoshwa kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke maangavu, kisha hukandwa. Ili kupata samli, siagi hiyo huchemshwa polepole hadi nyuzi 110 au 115, mpaka milio ya maji iishe na mashapo yawe ya rangi ya dhahabu. Hapo huchujwa kwa kitambaa kikavu. Nyingi huharibika baada ya hapo: chombo kina unyevu, au kifuniko kinafungwa kungali moto na mvuke unadondokea ndani, au inamiminwa katika galoni lililowahi kubeba mafuta mengine. Mafunzo kidogo yangetosha kuzuia hasara hiyo.

Tunaomba malipo kwa mafuta. Tunaomba upokeaji wa jioni. Na kama yote hayawezekani mwaka huu, tunaomba moja: mashine ya mkono ya krimu katika kila kituo kisichopokea maziwa ya jioni, ianze kufanya kazi kabla ya mvua za Machi, maziwa yanapofurika na matangi kujaa. Mashine moja kwa kituo, Mheshimiwa. Tunaomba utujibu kwa tarehe.

Kwa heshima,
Wasindikaji wadogo wa siagi na samli