Zana za Kiingereza zisifungiwe kabatini

Mhariri,

Kila Januari walimu wa kidato cha kwanza tunapokea wanafunzi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla fizikia, kemia na jiografia zote ni kwa Kiingereza. Kitabu cha kiada peke yake hakiwavushi. Ndiyo maana tunakata maboksi, tunanunua manila kwa fedha zetu, tunachora zana za kufundishia.

Kwangu zinazosaidia zaidi ni kadi za he na she. Mtoto aliyezoea "yeye", ambayo ni moja kwa mwanamume na mwanamke, husema "My mother, he is cooking" bila wasiwasi wowote. Kadi moja ina mama muuza nyanya, nyingine fundi baiskeli. Mwanafunzi anavuta kadi, anatunga sentensi, jirani yake anamsahihisha. Hata darasa lililofurika linachangamka.

Kinachokera ni kwamba mwenzangu wa shule ya pili anakesha akichora kadi zilezile. Vituo vya walimu vilianzishwa kwa kazi kama hii, lakini cha kwetu hufunguliwa siku za semina tu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, jambo jema. Sasa iongeze sehemu ya zana za walimu, zichapike kwa wino mweusi tu, maana rangi ni ghali. Na jina la mchoraji liandikwe. Walimu nasi tunapenda sifa.

Maafisa elimu kata wanaweza kuanza hata kesho kwa kukusanya kilichopo makabatini.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro