Zuhura, usiiache dawa kabla hujamwona daktari

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoandika kwamba vidonge vya wiki hii bado vimo kwenye pakiti ndipo nilipoamua kukujibu usiku huu huu. Umesoma neno saratani kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, nawe umeogopa. Mimi pia niliogopa nilipoanza kutumia methotreksati hii hii miaka tisa iliyopita, kwa ajili ya baridi yabisi, ugonjwa wetu ambao kinga ya mwili huvishambulia viungo. Kinga ya mwili ndiyo inayozisaka seli zilizoharibika na kuvidhibiti virusi vinavyoweza kuleta saratani, kwa hiyo anayeambiwa kwamba dawa yake inaishusha kinga hiyo kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza.

Lakini baridi yabisi yenyewe, dawa iwepo isiwepo, huongeza hatari ya saratani ya tezi za limfu takriban mara mbili. Watafiti wa Uswidi waliwalinganisha wagonjwa 378 waliopata saratani hiyo na wenzao 378 wenye baridi yabisi ambao hawakuipata, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 walionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao ugonjwa wao uliwaka kwa ukali kwa muda mrefu, wala lawama haikuiangukia dawa. Seli za kinga zikichochewa mchana na usiku huzaliana bila kupumzika, na katika kuzaliana huko makosa hupata nafasi. Ndiyo maana naogopa zaidi ukiiacha dawa kuliko ukiimeza. Unakumbuka vidole vyangu vilivyokuwa kila asubuhi, hata kifungo cha shati la mtoto kikinishinda?

Hata hivyo dawa hizi hazilingani, na hapa nakuomba uwe makini. Umesema daktari anafikiria kukuhamishia kwenye tofasitinibu, kidonge kingine cha kushusha kinga. Utafiti uliochapishwa Januari 2022 uliwafuatilia kwa takriban miaka minne wagonjwa zaidi ya 4,000 waliotimiza umri wa miaka 50 na waliokuwa na angalau jambo moja linalohatarisha moyo: waliopata saratani walikuwa asilimia 4.2 ya waliotumia dawa hiyo, na asilimia 2.9 ya waliochomwa sindano za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe. Tofauti si kubwa, ila ipo, na saratani ya mapafu iliwaandama hasa waliovuta sigara au waliowahi kuvuta. Wewe umeacha sigara juzi juzi tu. Mwambie daktari waziwazi umevuta kwa miaka mingapi, hata kama unaona haya.

Muulize pia kuhusu ngozi, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huongeza kidogo hatari ya saratani ya ngozi. Kidonda kisichopona au doa linalobadilika lionyeshwe mapema. Kipimo cha mlango wa kizazi ambacho umekuwa ukikiahirisha, tafadhali kifanye. Na ukigusa uvimbe shingoni au kwapani usioondoka, au ukianza kukonda na kutokwa jasho jingi usiku, usingojee miadi.

Vidonge ulivyoviruka usivimeze pamoja na vya wiki ijayo, kwani methotreksati ikizidi ni sumu. Mpigie daktari kesho asubuhi umuulize uendelee vipi, kisha unijulishe siku aliyokupangia, nami nitakuja tukamwone pamoja.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi